Geuza Mara Kumi Kabla ya Kuandika: Mwongozo wa Kuhakiki Roboti ya Optimus Prime

Uhakiki wangu wa kwanza wa roboti ya kuchezea inayogeuka niliuandika usiku uleule niliofungua sanduku. Niliigeuza kuwa gari, nikairudisha kuwa roboti, nikapiga picha sita, nikaisifu. Wiki tatu baadaye nyonga ya kulia ilikuwa imelegea kiasi kwamba roboti haisimami ikishika silaha, na kishikizo kimoja cha paa la gari kilikuwa kimemeguka. Kufikia hapo kuna mtu alikuwa ameshanunua ya kwake kwa kuniamini. Aliniuliza kwa upole tu kama na yangu imelegea. Swali lile halijanitoka.

Tangu siku hiyo siandiki neno la hukumu kabla sijaigeuza roboti mara kumi kamili, kwenda na kurudi. Sanamu unaweza kuihakiki kwa macho, na kigari unaweza kukihakiki kwa kukisukuma sakafuni. Roboti inayogeuka inahitaji vidole, na vidole huchelewa kujua.

Katika mwongozo huu nitamtumia Optimus Prime, kiongozi wa Autobot, kundi la roboti wema kwenye katuni ya Transformers. Ametengenezwa upya mara nyingi mno tangu 1984, kwa ukubwa wa kila namna, na karibu kila mtu ana picha yake kichwani. Ndiyo maana ni rahisi kumhakiki vibaya. Hatua zenyewe zinafaa kwa roboti yoyote iliyotokana na katuni za zamani.

Hatua ya 1: Mjue mhusika kabla ya kukata utepe wa sanduku

Wahakiki wengi huandika "inafanana kabisa na ya kwenye katuni" bila kurudi kuitazama katuni. Kumbukumbu za utotoni hutia chumvi. Tazama vipindi viwili au vitatu vya zamani, simamisha picha pale mhusika anaposimama wima, kisha mchore hata kama hujui kuchora. Mkono ukichora, jicho huona mambo ambayo kwa kutazama tu yangepita.

Ukishafanya hivyo, rudi nyuma hatua moja zaidi, kwenye historia. Kampuni ya vichezeo ya Hasbro ilizindua Transformers nchini Marekani mwaka 1984, lakini vichezeo vyenyewe havikubuniwa kwa ajili ya katuni. Vingi vilitoka kwa kampuni ya Takara ya Japani, kwenye mikusanyo yake miwili ya Diaclone na Micro Change. Lori tunalolijua leo kama Optimus Prime lilikuwa tayari linauzwa Japani mwaka 1983 ndani ya Diaclone. Wakati huo halikuwa na nafsi wala sauti. Lilikuwa mashine tu, na dereva wake alikuwa mtu mdogo wa plastiki. Majina na tabia za wahusika wengi ziliandikwa baadaye, kazi kubwa ikifanywa na Bob Budiansky wa kampuni ya Marvel. Wachoraji wa katuni nao wakamchukua yule roboti wa plastiki, wakapunguza mistari na stika ili aweze kuchorwa maelfu ya mara bila kuwachosha.

Kwa hiyo Optimus ana asili mbili, na hazifanani. Kichezeo cha 1984 kina stika nyingi, sehemu zenye kung'aa kama kioo, na ngumi zinazochomolewa unapotaka kukigeuza kuwa lori. Optimus wa katuni ana mwili laini usio na stika, ngumi zake hazichomoki, na kuanzia filamu ya 1986 ana Matrix, chombo cha nguvu cha viongozi wa Autobot, ndani ya kifua, kitu ambacho kichezeo cha 1984 hakikuwa nacho. Sentensi ya kwanza ya daftari lako iwe jibu la swali hili: kichezeo nilichonacho kinafuata asili ipi? Ukikosea hapo utalaumu stika kwenye roboti iliyokusudiwa kuwa na stika, au utalaumu ulaini kwenye roboti iliyokusudiwa kuwa laini.

Kumbuka pia kwamba katuni hudanganya, na ina haki ya kufanya hivyo. Megatron, adui mkuu wa Optimus, ni jitu la chuma, lakini akigeuka bastola anaenea kwenye kiganja cha mwenzake. Soundwave, mfuasi wa Megatron, anasinyaa hadi kuwa redio ndogo ya kaseti. Tela la Optimus hutokea na kutoweka bila maelezo yoyote. Mchoraji anaweza kuufinya mwili kati ya picha moja na nyingine, lakini plastiki haifinyiki. Mbunifu wa kichezeo lazima akubali kupoteza kitu mahali fulani, na kazi yako ni kuonyesha alichagua kupoteza wapi. Ironhide, Autobot mwenzake Optimus, ni mfano mzuri: kichezeo chake cha 1984 hakikuwa hata na kichwa cha maana, ilhali kwenye katuni ana kichwa na uso kamili. Asiyejua hilo hawezi kuthamini kazi iliyofanywa kwenye matoleo ya baadaye ya Ironhide.

Kwa Optimus, alama ninazozitafuta ni hizi: kifuniko cha mdomo, antena mbili kandokando ya kichwa, vioo viwili vya lori vinavyokuwa kifua, shoo ya mbele inayokuwa tumbo, mabomba ya moshi mabegani, nyekundu juu na bluu chini. Kukiwa na hizo, mengine ni mjadala.

Hatua ya 2: Pima kwa mizani ya daraja lake

Hasbro hupanga vichezeo hivi kwa madaraja ya ukubwa na bei: Deluxe ni midogo, Voyager ni ya kati, Leader ni mikubwa zaidi, na juu yake yapo madaraja mengine makubwa. Kando kabisa kuna mkusanyo wa Masterpiece wa Takara, ambayo tangu 2006 iliungana na Tomy. Huo umetengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji watu wazima. Masterpiece ya kwanza kabisa, MP-01, ilikuwa Optimus na ilitoka mwaka 2003: kubwa, karibu sentimita 30, na nzito kwa sababu ya sehemu zake nyingi za chuma. Mwaka 2011 ikaja MP-10, ndogo zaidi na yenye tela. Mwaka 2019 ikaja MP-44, iliyojitahidi kumfuata Optimus wa katuni hadi kwenye mikunjo.

Si haki kuilaumu Voyager kwa kukosa vitu vya Masterpiece. Lakini usilale pia, kwa sababu daraja linaweza kukuchanganya. Optimus wa mkusanyo wa Earthrise, wa mwaka 2020, aliuzwa kama Leader, ila roboti yake ikisimama peke yake inakaribia kimo cha Voyager. Plastiki nyingi ilikwenda kwenye tela. Anayenunua anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, kwa sababu kuna anayetaka tela na kuna anayetaka roboti kubwa.

Pima kimo kwa rula, kutoka nyayo hadi utosi, na useme kama umehesabu mabomba ya moshi au hukuhesabu. Kama una mizani ya jikoni, pima na uzito.

Hatua ya 3: Fungua polepole

Kabla ya kugusa kiungo chochote, piga picha ya kila kitu kama kilivyolala sandukuni. Hesabu vipande na uvilinganishe na karatasi ya maelekezo. Halafu kagua kwa tochi: rangi iliyovuja nje ya mstari, skrubu iliyokosekana, pini iliyochomoza, sehemu ya kushoto iliyofungwa kulia. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Miguu miwili ya upande mmoja inaonekana sawa mpaka siku unapoanza kugeuza na kitu hakikunji. Ukigundua kabla ya kulazimisha, bado unaweza kukirudisha dukani.

Ukishuku kwamba ni nakala ya bandia, sema umeshuku kwa nini: maandishi ya hakimiliki yaliyofifia au kukosekana, plastiki nyepesi isivyo kawaida, rangi ya nyekundu isiyolingana na ya sanduku. Tatizo hili si jipya. Tangu 1985 Hasbro ilibandika juu ya vichezeo hivi stika ndogo ya mraba iliyobadilika kwa joto la kidole na kuonyesha nembo ya kundi la roboti husika, ili mnunuzi ajue amepata ya kweli.

Hatua ya 4: Geuza mara kumi

Huu ndio moyo wa uhakiki. Usizirundike zote kumi usiku mmoja. Mimi hutumia siku nne au tano. Weka daftari pembeni, na kila mara uandike muda uliotumia na mahali ulipokwama.

Mara ya kwanza fuata karatasi ya maelekezo hatua kwa hatua, hata kama unaona unaijua njia. Unamhakiki pia aliyeichora karatasi hiyo. Kama mchoro mmoja umeficha mikunjo mitatu, msomaji wako atavunja kitu hapo. Andika namba ya mchoro huo.

Ni vizuri kuielewa safari ya Optimus katika umbo lake la zamani, kwani nyingi za sasa bado zinaifuata. Kiwiliwili hubaki wima na kuwa kichwa cha lori. Kichwa cha roboti hufichwa ndani. Mikono hukunjwa ubavuni. Miguu hupinda kinyumenyume kutoka nyongani hadi ilale, ikawa sehemu ya nyuma ya lori yenye tairi nne, na tairi mbili za mbele hukaa kandokando ya kiuno. Ni njia rahisi, na uzuri wake ni kwamba mtoto anaielewa kwa mwili wake mwenyewe: roboti amepiga magoti, miguu imelala nyuma yake, amekuwa lori. Toleo jipya linapoongeza mikunjo, jiulize kila mkunjo umeleta nini. Mkunjo unaozifanya ngumi zibaki mwilini badala ya kuchomolewa ni faida. Mkunjo unaohitaji ukucha ili kufungua kifuniko chembamba cha goti, kwa ajili tu ya kuziba tundu ambalo hakuna mtu angelitazama, kwangu ni hasara.

Mara ya pili na ya tatu, iweke karatasi kando. Roboti iliyobuniwa vizuri hukufundisha yenyewe. Ukivuta bega, unahisi liendako. Sehemu zikishindwa kukuelekeza, na ikabidi ukumbuke kwa kichwa kwamba mkono lazima uzungushwe nusu kabla ya kifua kufunguka, liandike hilo.

Kuanzia mara ya nne hadi ya saba, hamisha macho kwenye vishikizo na matundu yake. Hivi ndivyo vinavyolishikilia lori lisifumuke. Kila kishikizo kisikilize. Kinapoingia kwa "tak" ndogo na kubaki, ni kizuri. Kinapoingia halafu kikatoka pale unapobana upande wa pili, una tatizo ambalo litakuudhi kila mara. Chunguza pia weupe kwenye plastiki yenye rangi, hasa pembeni mwa bawaba na pini. Weupe huo maana yake plastiki inavutwa kupita uwezo wake, na hapo ndipo itakapokatika. Vioo vya lori mara nyingi ni plastiki angavu, yaani inayopitisha mwanga, ambayo ni ngumu lakini hupasuka badala ya kupinda. Bawaba iliyochongwa kwenye plastiki angavu naitaja daima, hata kama bado haijaniletea shida.

Mara ya nane, mpe mtu mwingine ambaye hajawahi kuigusa. Usimsaidie. Mtazame anaposita, anapolazimisha, anapotabasamu. Nimejifunza mengi zaidi kwa kumtazama mtoto wa miaka tisa akigeuza lori kuliko kwa kurudiarudia mwenyewe. Hasa nimejifunza kwamba mikono midogo hushika mahali ambapo mimi sishiki. Kama ni mtoto, heshimu umri ulioandikwa sandukuni, na kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu weka mbali ngumi, silaha na kombora zinazochomoka, kwa kuwa ukubwa wake ndio ule unaoziba koo.

Mara ya tisa na ya kumi, linganisha na ya kwanza. Nyonga zina nguvu ileile? Kishikizo cha kifua bado kinatoa sauti? Rangi imechubuka wapi? Rangi huchubuka hasa mahali sehemu mbili zinaposuguana kila unapogeuza, na mara ya kwanza huwezi kuliona hilo. Kuna mstari mwembamba mweusi uliotokea kwenye bega jekundu la Optimus wangu mmoja kwenye mara ya sita. Ningeandika baada ya mara mbili, ningeapa kwamba rangi yake haina doa.

Hatua ya 5: Msimamishe roboti

Anza na viungo, kwa majina ambayo msomaji ataelewa. Kuna viungo vya tufe, ambapo kibonge cha duara kimekaa ndani ya kikombe na kinazunguka kila upande. Kuna viungo vya meno, vinavyotoa sauti ya "ta-ta-ta" ukivisogeza na kukaa kwa vituo. Na kuna viungo vya msuguano, pini na bawaba tu, vinavyokaa popote unapoviacha. Roboti nzito inataka meno nyongani. Tufe kwenye nyonga za roboti nzito hulegea, na huo ndio ugonjwa ulionipata ule mwanzo.

Usiishie kusema "viungo vinasogea vizuri". Mfanyishe Optimus mambo ambayo Optimus hufanya. Ashike bunduki yake nyeusi kwa mkono mmoja ulionyooka mbele, umwache dakika kumi, uone kama mkono umeshuka. Asimame miguu ikiwa imetanuka, nyayo zote zikigusa meza. Hapo ndipo utajua kama vifundo vinaegemea pembeni au nyayo zinasimama kwa ukingo tu. Aweke mikono kiunoni. Anyooshe kidole mbele kama anaamuru watu wake, au angalau akunje ngumi kwa namna inayoaminika. Ageuze kiuno. Atazame juu, jambo ambalo vichezeo vingi hushindwa kwa sababu kichwa kimefungwa kwenye bawaba ya kujificha. Mtu aliyemtazama Optimus utotoni anamkumbuka akiwa amesimama wima, ametulia, sauti ya mwigizaji wake Peter Cullen ikitoka nyuma ya kile kifuniko cha mdomo. Roboti isiyoweza kusimama kwa utulivu huo imeshindwa, hata ikiwa na viungo arobaini.

Sasa kifua. Matoleo mengine hutumia vioo halisi vya lori kuwa kifua cha roboti. Mengine huvizungusha vioo halisi na kuvificha mgongoni, kisha huonyesha kifua cha bandia chenye vioo vya kuchongwa, ili roboti apate umbo la katuni bila kubanwa na umbo la lori. Kwa wahusika wengi sina ugomvi na ujanja huo. Kwa Optimus ninao. Kifua chake kuwa sehemu ya lori ndilo wazo lenyewe lililomfanya atambulike. Ukilitenganisha, unabaki na roboti aliyebeba lori mgongoni. Najua wakusanyaji wengi hawakubaliani nami, na ninapohakiki toleo la namna hiyo huwa nasema msimamo wangu mapema ili msomaji aweze kuipunguzia uzito hukumu yangu akitaka.

Mgeuze na umtazame mgongoni. Ubavuni pia. Picha za sandukuni hazikuonyeshi mgongo, na huko ndiko magamba ya gari yasiyopata pa kwenda hurundikwa. Ayabebe kwa usafi kama mkoba, nitavumilia. Yakining'inia na kumvuta aanguke nyuma, hapana.

Hatua ya 6: Mgeuze tena, sasa mtazame kama lori

Msukume juu ya meza tambarare. Tairi zote sita ziguse chini na zizunguke. Ni jambo dogo, ila utashangaa ni mara ngapi tairi mbili za kati zinaelea angani kwa sababu miguu ya roboti haikulala sawasawa.

Kisha simama dirishani na utazame nyekundu. Sehemu nyingine za lori zimechongwa kwa plastiki nyekundu, nyingine ni plastiki angavu iliyopakwa rangi nyekundu juu yake ili ilingane. Chini ya taa ya njano zinalingana. Kwenye mwanga wa mchana zinaachana, moja ikiwa na uzambarau kidogo. Andika umeziona chini ya mwanga gani.

Mianya kati ya paneli, ngumi zinazochungulia nyuma, uso unaoonekana ukiinama kutazama chini ya lori: vitaje kwa uzito vinavyostahili. Mwanya wa nusu milimita hauharibu lori. Ngumi mbili za bluu zinazoning'inia pale tela linaposhikia zinaliharibu.

Kama kuna tela, lifungue. Lile la 1984 lilifunguka kuwa kituo cha mapigano na matengenezo, na ndani yake kulikuwa na Roller, kigari kidogo chenye tairi sita. Toleo jipya lenye tela linaahidi angalau hayo. Jaribu pia kukata kona kali tela likiwa limeshikizwa, uone kama pembe zake zinagonga mgongo wa lori.

Hatua ya 7: Picha

Kwa kifupi. Mwanga utoke ubavuni, si usoni. Nyuma weka karatasi nyeupe au ya kijivu isiyo na mikunjo. Kamera za simu hupenda kuipandisha nyekundu mpaka mikunjo ya bega inapotea. Punguza mwangaza kidogo kabla ya kubofya, na usiongeze rangi baadaye. Picha zisizokwepeka ni mbele, ubavu, mgongo, lori kwa pembe, lori kutoka chini, na rula ikiwa pembeni. Na picha moja ya karibu ya kila kasoro utakayoitaja. Kasoro isiyo na picha msomaji hana namna ya kuipima.

Hatua ya 8: Tenganisha kosa la ubunifu na kosa la nakala yako

Laiti ningelijua hili mapema. Kosa la ubunifu limo kwenye kalibu, kwa hiyo kila aliyenunua analo: mgongo mzito, kichwa kisichotazama juu, mwanya uliotokana na umbo. Kosa la nakala limetokea kiwandani siku hiyo, kwa roboti hiyo: skrubu iliyokazwa mno, kiungo kilicholegea upande mmoja tu, jicho lililopakwa rangi likakosea shimo.

Kipimo changu ni ulinganifu. Nyonga zote mbili zikilegea sawa, nashuku ubunifu. Ikilegea ya kulia peke yake, nashuku nakala, na ninaandika hivyo: "Yangu imelegea kulia, kushoto iko imara." Kama unamfahamu mwenzako mwenye roboti hiyohiyo, muombe ajaribu kiungo kilekile. Nakala mbili zinatosha kukuondolea aibu.

Ukirekebisha kitu, sema umerekebisha, na useme ulitumia nini na wapi. Kiungo cha tufe kilicholegea hukazwa kwa kupaka utando mwembamba wa rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kibonge, ukaacha ukauke kabisa kabla ya kurudisha. Kinachobana mno hulainishwa kwa tone la mafuta ya silikoni. Mafuta ya mashine yasitumike, kwani mengine huidhuru plastiki. Skrubu zifunguliwe kwa bisibisi ndogo inayoenea vizuri, la sivyo utakula kichwa chake na hutaitoa tena. Lakini alama unazotoa ziwe za roboti kama ilivyotoka sandukuni, kwa kuwa msomaji halazimiki kuwa fundi.

Hapa pia ndipo mahali pa kugusia uzee, kama unahakiki ya zamani. Plastiki nyeupe na za rangi nyepesi huwa na manjano kwa miaka na jua. Plastiki ya dhahabu yenye mawimbi ya kung'aa ndani yake, iliyotumika kwenye baadhi ya vichezeo vya mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya 1990, huwa kavu na kumeguka hata ukiishika kwa upole. Ukikutana nayo, usiigeuze mara kumi. Usiigeuze hata mara moja. Ihakiki imesimama, na umwambie msomaji sababu.

Hatua ya 9: Andika

Anza kwa kusema umeipataje: umenunua kwa fedha zako, umeazima, au umepewa. Sema umeigeuza mara ngapi na kwa siku ngapi. Kisha ingia moja kwa moja kwenye kugeuza, si kwenye sanduku. Sanduku litapewa sentensi mbili mwishoni kama lina uzuri wake.

Linganisha na kitu kimoja tu, au viwili. Ukimlinganisha Optimus wa Voyager na Optimus saba waliopita, msomaji asiye mkusanyaji amepotea. Mchague yule ambaye mnunuzi wako angeweza kumchukua badala ya huyu, kwa bei inayokaribiana.

Kuhusu alama za namba, nilizitumia zamani nikaziacha, kisha nikazirudisha kwa umbo lingine: natoa alama tatu tofauti, ya roboti, ya lori, na ya kugeuza, na sizijumlishi. Roboti wa tisa, lori la sita na kugeuza kwa saba si kitu kimoja na roboti wa sita, lori la tisa na kugeuza kwa saba, japo jumla ni ileile. Anayepanga rafu ya maroboti wasiogeuzwa tena atamchagua wa kwanza. Mzazi anayemnunulia mtoto atatazama ile alama ya tatu, na ningependa aitazame kabla ya nyingine zote.

Ukimaliza kuandika, usichapishe bado. Msimamishe Optimus rafuni, mkono wa kulia umeinuliwa na bunduki, umwache juma zima bila kumgusa. Siku ya saba mtazame. Mkono ukiwa umeshuka, andika umeshuka kiasi gani, weka picha ya siku ya kwanza na ya siku ya saba ubavu kwa ubavu, halafu ndipo uchapishe.